Taifodi mara tatu: kisa cha fundi cherehani aliyekuwa na sonona

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna mtu mmoja aliyechorwa humu. Yamekusanywa mambo ambayo sonona, ugonjwa wa unyonge mzito na kufa kwa hamu, huja nayo mara nyingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, yakawekwa kwa mtu mmoja, ili msomaji aone ugonjwa ulipita wapi bila kusimamishwa na hatimaye uliulizwaje.

Ni mwanamume wa miaka 41, fundi nguo wa Tanga mjini. Ana kibanda pembeni mwa soko, cherehani mbili, ovaloki moja na kijana wa kumsaidia. Ana mke na watoto watatu. Mwezi Agosti alifiwa na mama yake. Alisimamia msiba, akapokea wageni, arobaini ikapita, watu wakamsifu kwa kukaza moyo. Oktoba akaanza kuamka saa tisa usiku na kukaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Novemba chakula kikawa hakimshuki, mkanda ukasogea tundu mbili. Desemba ni msimu wa sare za shule, na hapo ndipo fundi anapopata pesa ya kumvusha mwaka. Yeye alipokea vitambaa, akapima watoto, akaandika vipimo daftarini, kisha vitambaa vikakaa kwenye rafu bila kukatwa. Shule zilipofunguliwa Januari wazazi walikuja kuvichukua vilevile vilivyoletwa. Laki nane alizokopa kwenye kikoba kununulia majora ya sare zikakosa marejesho.

Kati ya Desemba na Machi alikwenda kutibiwa mara tatu. Kila mara alisema yaleyale: kichwa kizito, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha Widali, kinachotumika kutafuta taifodi, kikaonyesha, akapewa dawa za taifodi. Ziara ya pili Widali ikaonyesha tena, akapewa nyingine. Ya tatu vilevile, safari hii zikaongezwa dawa za vidonda vya tumbo. Widali hupima kinga iliyomo kwenye damu. Mtu aliyewahi kupata vimelea vya jamii hiyo miaka iliyopita anaweza kuonyesha kila akipimwa, awe mgonjwa wa leo au asiwe. Taifodi ya kweli huja na homa inayodumu siku kadhaa, na huyu hakuwa na homa hata siku moja. Karatasi ya maabara ilijibu haraka, na jibu la haraka likafunga mlango wa maswali.

Nyumbani shangazi yake alisema fundi amefungwa kwa uchawi. Akapelekwa kwa mganga, fedha zikatoka. Baadaye kikasomwa kisomo nyumbani, na baada ya kisomo alilala vizuri usiku mbili. Hilo lisidharauliwe: ndugu kukusanyika kwa ajili ya mtu aliyejitenga kunamfariji kweli. Usiku wa tatu aliamka tena saa tisa.

Aprili mkewe akamwongoza hadi kituo cha afya. Miezi sita ilikuwa imepita tangu usingizi uharibike.

Maneno yaliyouficha

Katika miezi hiyo yote fundi hakutamka kwamba ana huzuni. Alisema kichwa, tumbo, nguvu, moyo. Alipobanwa sana alisema "nina mawazo." Kwa Kiswahili cha mtaani mawazo ni neno pana mno: mwenye deni ana mawazo, aliyeachwa ana mawazo, mwenye mtoto aliyefeli mtihani ana mawazo. Msikilizaji hujibu "yatapita" na mazungumzo huishia hapo. Watu wa kabila la Shona huko Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake jijini Harare walilichukua neno hilo kama lilivyo tangu mwaka 2006, wakafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza aliyelisema, badala ya kumngoja atamke jina la ugonjwa la kitabuni. Nasi tunalo neno letu, ila mara nyingi tunalipita. Mtu akisema ana mawazo kwa wiki mbili mfululizo, na usingizi umevunjika, hapo pana swali la kuulizwa.

Jina la ugonjwa lenyewe ni sonona. Kenya utasikia zaidi unyogovu au mfadhaiko. Mgonjwa hahitaji kulijua jina lolote kati ya hayo ili atibiwe.

Alama zilizokuwa wazi

Ya kwanza ni ule usingizi. Mtu mwenye wasiwasi mara nyingi hushindwa kupata usingizi anapolala. Mwenye sonona nzito mara nyingi huupata, kisha huamka saa mbili au tatu kabla ya kawaida yake, na kipindi hicho cha kabla ya alfajiri ndicho kibaya kuliko vyote: makosa ya miaka kumi hurudi kama ya jana. Fundi alikuwa akilala saa nne, saa tisa macho, kila siku kwa miezi sita.

Ya pili iliwakera watu badala ya kuwashtua. Asubuhi alikuwa hawezi kuinuka kitandani, lakini jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, alichangamka kidogo, akaweza hata kushona pindo. Kijana wake na majirani wakahitimisha kwamba anajidekeza, kwamba kama ana nguvu jioni basi asubuhi ni uvivu. Kumbe kuzidiwa asubuhi na kupata ahueni jioni ni mwenendo wa ugonjwa huu wenyewe, na tabibu akiusikia huzidi kuushuku.

Ya tatu ni kufa kwa hamu. Alikuwa mtu wa barazani, wa bao na kahawa. Akaacha. Alikuwa akipenda kuangalia mpira, akawa anakaa mbele ya runinga bila kujua nani anacheza na nani. Hamu yake kwa mkewe ikaisha pia, na kwa kuwa haikusemwa, mke aliwaza kuna mwanamke mwingine. Ndoa nyingi huingia doa katika hatua hii.

Ya nne ni hasira. Mwanamume mwenye sonona si lazima alie. Huyu alimfokea kijana kwa sababu ya kibobini, akamrushia mteja daftari. Familia iliona tabia imebadilika, haikuona ugonjwa.

Halafu kulikuwa na kujilaumu: alisema mara kwa mara kwamba mama angepona kama angempeleka hospitali mapema, na kwamba watoto wangekuwa na maisha bora wangepata baba mwingine. Sentensi hii ya pili ndiyo inayotenganisha majonzi na sonona kuliko kitu kingine. Mfiwa huja na mawimbi: analia, anacheka akikumbuka kituko cha marehemu, anakula, analia tena. Anamkosa marehemu, lakini hajioni yeye mwenyewe kuwa takataka. Anapoanza kujiona hafai, au miezi sita imepita na hali inazidi badala ya kupungua, haifai kuendelea kumwambia "ni msiba tu."

Jinsi ilivyoulizwa

Tabibu wa zamu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alimwomba mke asubiri nje kidogo, akafunga mlango.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari."

"Pole na kuumwa. Kichwa na tumbo nimevisikia. Usingizi je, ukoje?"

"Saa nne nalala. Saa tisa niko macho."

"Ukiwa macho unafanya nini?"

"Naangalia paa."

"Na kazi? Ukikaa kwenye cherehani, unaona raha yake kama zamani?"

Akanyamaza kidogo. "Sioni raha ya kitu chochote, daktari. Tangu kabla ya sare."

Maswali mawili yanatosha kufungua: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo unayoyapenda kwa siku ngapi? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa kwa siku ngapi? Kila jibu lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ikifika 3, endelea na maswali mengine saba ya hojaji iitwayo PHQ-9. Hojaji hii ilichapishwa Marekani mwaka 2001 na imeshapimwa kwa Kiswahili Kenya na Tanzania. Fundi alipata 3 kwenye hamu, 2 kwenye unyonge, 3 usingizi, 3 uchovu, 2 hamu ya kula, 2 kujiona ameshindwa, 2 kukosa umakini, 1 kuwa mzito wa mwili na maneno, 1 kuwaza kifo. Jumla 19 kati ya 27. Kuanzia 5 ni dalili nyepesi, 10 za wastani, 15 za wastani zinazoelekea uzito, 20 nzito. Namba peke yake haithibitishi ugonjwa. Inamwambia tabibu aketi, asimalize haraka, na inampa kipimo cha kulinganisha mwezi ujao.

Swali la tisa ni la kifo, na ndilo wengi huliruka kwa kuogopa kwamba kuliuliza ni kumpa mtu wazo. Hakumpi. Aliyekuwa analiwaza peke yake usiku hupumua anapoona kuna mtu anaweza kulisikia. Tabibu aliuliza kwa ngazi, moja baada ya nyingine:

"Baba, wanaopitia hali hii wengine hufika mahali wakaona bora wasingekuwepo. Wewe umewahi kufika hapo?"

"Usiku, ndiyo."

"Umewahi kuwaza namna ya kufanya?"

"Kuwaza tu. Watoto wananishika."

"Kuna kitu nyumbani au shambani ambacho ulikifikiria?"

"Dawa ya kupulizia mahindi. Iko stoo."

Siku hiyohiyo, kwa ridhaa yake, mkewe aliingizwa na kuelezwa. Chupa ikahamishiwa kwa kaka yake, mtaa wa pili. Dawa zote za hospitali zikawa zinatunzwa na mke, na alipewa za wiki mbili tu kwa mara moja. Yakaandikwa kwenye karatasi majina matatu ya kuamshwa usiku, kwa mpangilio: mke, kaka, rafiki wa barazani. Hatua hizi zinaonekana ndogo, lakini hamu ya kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na kilicho mbali wakati huo hakitumiki. Angekuwa na mpango kamili na siku aliyoiweka, asingerudi nyumbani. Angepelekwa hospitali akiwa na mtu wa kukaa naye usiku na mchana.

Watu huficha pia kwa kuogopa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inakitaja kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Lakini kuwaza si kosa popote, na anayemwambia tabibu mawazo yake hajishtaki.

Mfuko wa dawa

Kabla ya matibabu tabibu aliomba waletewe dawa zote zilizoko nyumbani. Mfuko ulikuwa na mabaki ya dawa za taifodi, omeprazo ya vidonda vya tumbo, na diklofenaki ya maumivu alizokuwa akinunua dukani kwa ajili ya kichwa na kumeza asubuhi bila kula. Hapo tumbo linalowaka likapata maelezo. Diklofenaki hukwangua utando wa tumbo, hasa likiwa tupu. Tena ikimezwa pamoja na dawa ya sonona aliyokuwa anakaribia kuanzishwa, huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Ikasimamishwa, akabaki na parasetamo pale tu inapobidi. Angekuwa anameza tramado, dawa nyingine ya maumivu, hiyo nayo ingebidi iachwe, kwa sababu haipatani na dawa za sonona za kundi la fluoksetini.

Damu ilipimwa wingi wake, sukari, virusi vya Ukimwi, na tezi ya shingo kwa sampuli iliyopelekwa hospitali ya wilaya. Upungufu wa damu, kisukari na tezi iliyolegea huchosha mwili na kuiga sonona. Vyote vilikuwa sawa. Aliulizwa pombe, hanywi. Aliulizwa swali moja ambalo likisahaulika huleta balaa: je, amewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa hana usingizi wala hachoki, anaongea bila kukoma, anatapanya pesa? Mwenye historia hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka kwenda upande wa pili, kwenye msisimko huo uliopita kiasi. Fundi alikana, na mkewe akaulizwa pia, kwa sababu mgonjwa hukumbuka kipindi hicho kama siku nzuri.

Matibabu, na mahali yalipokwama

Kwenye kabati kulikuwa na dawa mbili za sonona, amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini ni ya zamani, inaleta usingizi, na kwa mtu asiyelala inashawishi. Lakini vidonge vyake vingi vikimezwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo, na huyu alikuwa amewaza kufa. Tabibu akachagua fluoksetini miligramu 20, mara moja, asubuhi baada ya chai. Ikimezwa jioni huzidisha kukosa usingizi.

Kosa likatokea hapa. Aliambiwa ameze kila siku, hakuambiwa zitachukua muda gani. Siku za mwanzo alipata kichefuchefu, kichwa na kutotulia, na moyo ukabaki palepale. Wiki ya tatu akaziacha. Alipaswa kuambiwa siku ya kwanza, mke akisikia: maudhi ya tumbo huja mapema na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili, nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na hukumu ya kama dawa inafaa hutolewa wiki ya nne hadi ya sita. Aidha nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya tumaini, kwa hiyo wiki hizo za mwanzo ni za kumchunga zaidi. Kilichomrudisha ni mhudumu wa afya wa mtaa aliyepita nyumbani baada ya kuona hakuhudhuria. Akaanza upya.

Sehemu ya pili ya matibabu haikuwa kidonge, na kwa sonona nyepesi ndiyo inayoanza peke yake. Mkewe alikuwa akimwambia "rudi kazini." Kwa mtu aliye chini kiasi hicho kazi ni mlima, akiutazama hulala tena. Tabibu akaigawa: wiki ya kwanza, kila siku saa nne asubuhi, apige pindo la sketi moja tu, hata kama hana hamu, kisha aandike kutoka 0 hadi 10 anajisikiaje kabla na baada. Asingoje hamu ndipo afanye, kwa sababu katika ugonjwa huu hamu huja nyuma ya kitendo. Wiki ya pili, sketi nzima. Wiki ya tatu, kutembea jioni hadi barazani na kukaa dakika 20, bao si lazima. Kahawa mwisho saa nane mchana. Asilale mchana, na aamke saa ileile hata usiku ukiwa mbaya. Safu ya "baada" ilizidi ya "kabla" kwa alama moja au mbili karibu kila siku, na kuliona hilo kwa mwandiko wake mwenyewe kulimshawishi kuliko maneno ya mtu.

Deni nalo lilishughulikiwa kama tatizo lenye hesabu. Matatizo yote yaliandikwa kwenye karatasi moja, yakatengwa yanayoweza kufanyiwa kitu wiki hii na yasiyoweza. Mke alikwenda kwa mwenyekiti wa kikoba na kuomba marejesho yagawanywe kwa miezi kumi. Majora yaliyobaki yaliuzwa kwa fundi mwingine. Msiba haukuwa na ufumbuzi wa aina hiyo. Huo ulipewa nafasi ya kuzungumzwa, na imamu wa msikiti wa mtaa, aliyeombwa na familia, alikaa naye juu ya lile la kujilaumu kwa kifo cha mama. Imamu huyu alifanya jambo jema zaidi: alimwambia ameze dawa.

Alama zake wiki ya nne baada ya kuanza upya zilikuwa 14, wiki ya nane 7, baada ya miezi mitano 3. Jumla kushuka hadi nusu ni dalili kwamba tiba inafanya kazi. Chini ya 5 huhesabiwa kuwa ametoka. Ingebaki palepale wiki ya sita, kwa dozi kamili iliyomezwa kweli, angepandishwa dozi au kupelekwa mbele.

Mbele maana yake mratibu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya kwanza. Kwa mkoa wa Tanga ipo Lutindi, Korogwe, hospitali ya akili ya kanisa la Kilutheri iliyoko milimani Usambara. Kitaifa ipo Mirembe, Dodoma, na idara ya akili ya Muhimbili, Dar es Salaam. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyeacha kula na kunywa, mwenye mpango wa kujiua, mjamzito au aliyejifungua karibuni, na aliyewahi kuwa na kile kipindi cha kuruka juu, hao wasisubiri wiki sita. Kwa aliyeko Kenya na usiku umemzidi, simu ya Msalaba Mwekundu 1199 haitozwi.

Baada ya miezi hiyo mitano fundi alitaka kuacha dawa kwa kuwa amepona. Hapo ndipo wengi hurudi chini. Dawa huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hupunguzwa polepole kwa wiki nne au zaidi, si kukatwa siku moja. Alikubali, akachagua mwenyewe asipunguze wakati wa msimu wa sare. Ndani ya droo ya cherehani kuna karatasi ya mistari mitatu, na mkewe ana nakala: kuamka saa tisa usiku tatu mfululizo, kuacha chakula cha usiku, vitambaa vya wateja kupita wiki bila kukatwa. Likitokea mojawapo, tarehe ya kliniki haingojwi.